UZI: Boti ya mvuke yenye gurudumu la makasia, tumeiunda hapa Kigoma na imeshaingia ziwani. Karibuni tujadili

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu, sasa limeshika maji kwa hiyo naliweka hapa lijadiliwe, na kama kuna mtu yupo Kigoma, Tabora, Mpanda, popote, ana chuma chakavu na hamu ya kuunda kitu basi apate pa kuanzia.

Tumeunda boti inayotembea kwa mvuke. Moto wa kuni, boila, injini ya silinda mbili, na badala ya pangaboi kuna gurudumu kubwa la mbao linalopiga maji. Hamna petroli wala betri humo ndani.

Kwa nini mvuke? Sisi wa huku Ziwa Tanganyika tunaishi na Liemba. Ile meli iliundwa Ujerumani mwaka 1913 pale Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000 hivi, ikaletwa Dar, ikapandishwa treni, na reli yenyewe ilikuwa ndo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914, ikaungwa hapa hapa kwa ribiti na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916 ili isichukuliwe na maadui wao wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ila mafundi wakazipaka injini grisi kabla ya kuizamisha, na ndo maana Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Imetembea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipowekwa dizeli. Yaani mvuke umefanya kazi kwenye maji haya vizazi na vizazi, na waliokuwa wanauendesha walikuwa watu wa hapa, walioujua kwa mikono yao. Mi nataka ujuzi ule urudi mikononi mwetu hata kama ni kwa chombo kidogo cha watu watatu.

Naanza na boila mana ndo kila kitu. Watu wakija kuangalia wanakimbilia injini na gurudumu, wanapiga picha, boila wanaipita, wakati hapo ndo uhai wa mtu ulipo.

Mdau wa Kibirizi

Mkuu hongera sana, nimeiona kwa mbali juzi nikajiuliza ule moshi ni wa nini. Swali langu, boila mmetumia nini? Maana mtungi wa gesi si upo tayari, unatoboa tu unachomelea bomba. Au tenki la kompresa.

Mleta uzi

Kaka asante kwa kuuliza, ila naomba hili tulimalize hapa mapema kabla kijana yeyote hajaenda kununua mtungi. USITUMIE mtungi wa gesi wala tenki la kompresa.

Sababu ni hii. Mtungi ukiwa na lita 20 za maji kwenye presha ya bar 5 (bar moja ni kama mgandamizo wa hewa ya kawaida), maji yale hayako nyuzi 100, yako karibu nyuzi 159 na bado ni maji kwa sababu presha imeyakandamiza. Sasa mshono ukifunguka ghafla, presha inashuka na sehemu ya maji yale inageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanachukua nafasi zaidi ya mara 1,600. Hapo hamna kukimbia. Meli ya Sultana kule Marekani, mto Mississippi, Aprili 1865, boila zililipuka na watu zaidi ya 1,000 wakafa usiku mmoja. Tenki la kompresa limetengenezwa kwa hewa baridi, ukiliweka kwenye moto na maji linaliwa na kutu kwa ndani usiyoiona.

Sisi tumetumia boila ya koili. Ni bomba moja refu la chuma lisilo na mshono, upana wa ndani milimita 10, urefu kama mita 20, limezungushwa duara juu ya duara ndani ya pipa la bati lililojengwa udongo wa kuchoma kwa ndani. Maji baridi yanaingia juu ambako moshi unatoka umeshapoa, yanashuka kuufuata moto, yakifika chini ni mvuke. Koili nzima ina maji kama lita moja na nusu tu. Likipasuka bomba, na bomba linaweza kupasuka msijidanganye, unapata sauti kali na mvuke ndani ya pipa, moto unazimika, mnapiga kasia kurudi nyumbani. Tofauti ya lita moja na nusu na lita 20 ndo tofauti ya kurudi na kutorudi.

Na kabla ya moto wowote tulijaza maji baridi, tukatoa hewa yote, tukachukua ile pampu ya mkono ya mafundi bomba ya kupimia presha tukapandisha mpaka bar 10 wakati kazi yetu ni bar 5. Tukaiacha tukaangalia geji kama inashuka. Unapima kwa maji baridi kwa sababu maji hayabanwi, kikiachia kinavuja tu, hakirushi kitu. Usipime kwa hewa.

Mdau wa Tabora

Shikamoo wakubwa humu. Mi baba yangu alikuwa fayamani, yaani mchochea moto wa boila, wa reli hapa Tabora enzi za vichwa vya mvuke, sasa hivi ni mzee sana lakini nimemsomea uzi huu wote amekaa amenisikiliza kimya. Ameuliza mambo mawili. La kwanza vali ya usalama mna ngapi. La pili maji mnatia ya wapi.

Mleta uzi

Marahaba, na mfikishie mzee shikamoo yangu kwa heshima zote. Nimefurahi mno, hayo ndo maswali ya mtu aliyekaa mbele ya moto.

Vali tunazo mbili, zinajitegemea kabisa, moja inafunguka bar 6 nyingine kidogo juu ya hapo, na kati ya koili na vali hatujaweka koki ya aina yoyote mana koki ipo siku itafungwa na mtu asiyejua.

Maji, hapo mzee kagusa penyewe. Ukiwa Kigoma unaona ziwa lote lile unasema maji si haya, kamata ndoo chota. Sivyo. Maji ya Tanganyika ni matamu kunywa lakini yana madini mengi hasa magnesiamu, na kiwango chake cha pH (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati) kinakaa karibu 9. Ziwa hili mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kongo, na maji mengi yanayopotea yanapotea kwa kukauka juani, madini yanabaki. Sasa ukiyachemsha maji hayo mfululizo ndani ya bomba la milimita 10 ni kama sufuria ya chai isiyosuguliwa mwaka mzima, gamba jeupe linajijenga ndani, joto halipiti tena kwenda kwenye maji, chuma kinapata joto kupita kiasi na hapo ndo kinapasuka. Sisi tunatia maji ya mvua tu. Huku mvua ni ya kutosha kuanzia Novemba mpaka Aprili, tunakinga kwenye simtanki na kuchuja kwa kitambaa.

Inakunywa kama ndoo ya lita 20 kwa saa. Kwa safari fupi unabeba madumu, basi.

Mdau wa Tabora

Mzee amefurahi kuhusu mvua. Anasema wao kwenye reli walikuwa wanapewa maji yenye dawa na bado kila mara lazima uteme maji ya chini ya boila utoe tope. Na anasema fayamani anayeangalia moto bila kuangalia kioo cha maji huyo ni abiria. Anauliza kwenye koili kioo mnaweka wapi?

Mleta uzi

Koili haina kioo mzee wangu, hamna sehemu ya maji kukaa yakaonekana, na hapo ndo ugumu wa koili ulipo. Ni salama ila ina hasira, mana haina akiba. Ukiongeza kuni presha inaruka sasa hivi, pampu ikilegea kidogo koili inakauka mwisho wake unakuwa mwekundu. Tunachofanya tunaangalia vitu viwili, geji ya presha na kipimajoto kilichofungwa kwenye bomba la kutokea mvuke. Joto likipanda kuliko kawaida, maana yake maji hayatoshi, unaongeza pampu. Likishuka na injini ikaanza kutema maji, umezidisha. Pampu iko moja inayoendeshwa na injini yenyewe, ya pistoni ndogo na cheki vali mbili (vali za kupitisha maji upande mmoja tu), na nyingine ya mkono iko pembeni muda wote. Mtu wa moto hafanyi kazi nyingine. Hashiki usukani, hapigi picha, hapokei simu.

Mdau wa Dar

Mkuu nafuatilia. Injini sasa, hiyo mmeitoa wapi? Na ina nguvu kiasi gani ukilinganisha na Yamaha 15, ile injini ya boti ya petroli ya hosipawa 15?

Mleta uzi

Injini ni silinda mbili za haidroliki za chuma chakavu, upana milimita 50, mwendo wa pistoni milimita 100. Hizi ni nzuri kwa sababu ndani zimeshanyooshwa na kulainishwa kiwandani, kazi ya tono, ile mashine ya kuchonga chuma, inakuwa ndogo. Ila mpira wa ndani wote utoe, ule umetengenezwa kwa oili, nyuzi 150 za mvuke unageuka ulojo. Tumeweka kamba ya grafaiti kwenye fimbo na ringi za chuma kwenye pistoni.

Juu ya kila silinda kuna kisanduku chenye vali ya kuteleza. Hii niieleze vizuri mana watu wanaona kama uchawi. Ni kibati cha shaba chenye shimo kama kisahani kilichofunikwa, kinateleza mbele na nyuma juu ya matundu matatu. La kushoto linaenda upande mmoja wa pistoni, la kulia upande wa pili, la kati linatoka nje. Kikisogea kushoto, mvuke mpya unaingia kulia huku mvuke uliochoka wa kushoto unapita chini ya kisahani kwenda nje, kikirudi inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo pistoni inasukumwa kwenda na inasukumwa kurudi, na kila mzunguko silinda moja inafanya kazi mara mbili. Anayekisogeza ni ekisentriki kwenye shafti, yaani duara ambalo tundu lake halipo katikati. Kile kibati tulikisugua juu ya kioo kwa msasa laini na mafuta mpaka kikalala sawasawa, hata unga wa mvuke usipite.

Silinda mbili zimepishana nyuzi 90 ili moja ikifika mwisho wa mwendo pale inapokwama, nyenzake iko katikati inasukuma. Kwa hiyo inawaka popote iliposimama, huhitaji kuizungusha kwa mkono.

Oili tunatumia nzito ya gia, matone kidogo kidogo kwenye bomba la mvuke. Zamani walitumia shahamu ya ng'ombe.

Nguvu? Piga hesabu. Presha ya wastani ndani ya silinda kama bar 3, mizunguko 150 kwa dakika, ukitoa nafasi ya fimbo unapata kama wati 550, robo tatu ya hosipawa hivi. Kwa hiyo na Yamaha 15 hailingani hata kidogo. Lakini mtu mzima anayepiga kasia muda mrefu anatoa kama wati 75 mpaka 100, hivyo tuna wapiga kasia watano mpaka saba wasiochoka wala kudai posho, ilimradi kuni zipo.

Dada wa Ujiji

Kaka nimependa sana. Kuhusu kuni, kwa nini msitumie maganda ya mise, zile kokwa za chikichi? Huku Ujiji na kule Mwandiga wanaokamua mawese na mise wanayo marundo, yanawaka moto mkali kuliko kuni na hayana moshi mwingi yakishashika. Sisi jikoni tunajua.

Mleta uzi

Dada ubarikiwe, tulianza na kuni kavu kama kilo 8 hivi kwa saa, baada ya ushauri wako nimeenda kuchukua maganda kiroba kizima. Moto wake kweli mkali na umetulia, hauruki juu chini kama kuni na kwa koili hicho ndo tunachokitafuta, moto usiobadilika. Shida ndogo ni kwamba yanajaza wavu wa jiko na kuziba hewa, kwa hiyo tunachanganya, kuni chini maganda juu, na wavu tumeupanua matundu. Na huko kwenye viwanda vya mawese vya Malaysia boila zao zinaendeshwa kwa maganda na nyuzi za chikichi hizi hizi, sisi tunayatupa.

Mdau wa Dar

Sasa kwa nini gurudumu na sio pangaboi? Si ilishajulikana pangaboi ndo bora?

Mleta uzi

Ilishajulikana ndiyo. Mwaka 1845 jeshi la maji la Uingereza walichukua meli mbili za mvuke, Rattler ya pangaboi na Alecto ya magurudumu, wakazifunga kamba mkia kwa mkia kila moja ivute upande wake. Rattler ikaiburuta Alecto kinyumenyume kwa noti karibu 3, yaani kama kilomita 5 kwa saa, huku magurudumu ya mwenzake yanazunguka kwa nguvu zote. Na hata Liemba tangu mwanzo ilikuwa ya pangaboi.

Lakini angalia mazingira yetu. Injini ya mvuke ya namna hii inazunguka taratibu, pangaboi dogo linataka mbio, kubwa la kwenda taratibu linataka kina na linataka kutengenezwa kwa shaba na mtu anayejua kona zake. Gurudumu anatengeneza seremala. Ubao ukivunjika unatoa bolti nne unaweka mwingine ukiwa majini. Na linapita kwenye kina cha magoti.

Tatizo la gurudumu ni mawimbi. Ukiweka mawili ubavuni, chombo kikilala upande mmoja linazama sana, la pili linapiga hewa, boti inakwenda zigizaga. Kwa hiyo sisi tumefunga mitumbwi miwili sambamba kwa mbao za kuvuka, kama wanavyofunga wavuvi wa dagaa wanaotega wavu katikati, na gurudumu moja tumelitia pale katikati ya mitumbwi nyuma kidogo. Likikaa hapo, halipigwi na wimbi la ubavuni, mtoto hawezi kuingiza mkono, na boila inakaa chini kabisa katikati juu ya bati lenye mchanga.

Kipenyo ni mita moja, mbao nane za mninga mana mninga hauvimbi ovyo ukilowa. Mnyororo na sproketi za pikipiki, meno 14 kwenye injini na 42 kwenye gurudumu, kwa hiyo injini ikizunguka 150 gurudumu linazunguka 50. Ncha ya ubao inakwenda kama kilomita 9 kwa saa, ukitoa kuteleza kwa maji boti inakwenda kama 5.

Mdau wa Kibirizi

Siku ya kushusha ilikuwaje? Tupe hiyo.

Mleta uzi

Tulishusha asubuhi sana ndani ya ghuba, upande wa Bangwe, kabla upepo haujaamka. Kiangazi ule upepo wa kusini ukishapata nguvu ziwa hili si la kuchezea na chombo cha nguvu ya robo tatu. Watu watatu, kila mmoja laifu jaketi mwilini, makasia manne, kamba ndefu, na boti ya rafiki yenye injini ya petroli inatufuata nyuma.

Tuliwasha moto tukiwa tumefungwa ufukweni. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 97 na kitu kwa sababu ziwa lenyewe liko mita 770 na ushee juu ya bahari, kwa hiyo unasikia koili inaanza kuimba mapema. Geji ikapanda, moja, mbili, ikasimama kidogo, ikaenda tatu. Mwenzangu akafungua koki nusu. Injini ikatema maji kwanza, ule mvuke ulioganda kwenye silinda baridi, lazima ufungue vikoki vya chini utoke la sivyo pistoni inagonga maji na maji hayabanwi. Zikatoka tef tef tef, mvuke mweupe, vikoki vikafungwa, na gurudumu likaanza. Sauti yake si ya injini mnayoijua. Ni chap, chap, chap ya mbao juu ya maji na pumzi ya silinda kati kati, unaweza kuongea na mtu wa mbele bila kupaza sauti.

Mbao zilikuwa zinazama karibu sentimita 20 na tukaona zinabeba maji nyuma na kuyamwaga juu, hiyo ni nguvu inapotea. Tuliporudi tukapandisha ekseli, sasa zinazama sentimita 12, na maji ya nyuma yametulia na mwendo umeongezeka bila kuongeza kuni.

Wazee wawili wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa walikuja mpaka kwenye maji. Mmoja alisema alipanda Liemba akiwa mtoto enzi bado inatoa moshi, akaomba aguse silinda, akaigusa kwa kiganja juu ya kitambaa akatikisa kichwa muda mrefu.

Mdau wa Dar

Kibali je? Isije ikawa tabu.

Mleta uzi

Muhimu sana. Vyombo vya majini mdhibiti ni TASAC, boila na vyombo vya presha wakaguzi ni OSHA. Mtu anayetaka kubeba abiria au mzigo lazima apite huko kote, na mi nashauri hata wa kujifunza uende ukaongee nao kabla hujachomelea chochote, wakuambie wanataka kuona nini. Sisi hatubebi abiria na hatutoki nje ya ghuba.

Mdau wa Tabora

Mzee anauliza mvuke uliochoka mnaupeleka wapi. Anasema kwenye kichwa cha treni ulikuwa unapigwa juu kwenye bomba la moshi unavuta moto, ndo ile sauti ya treni.

Mleta uzi

Mwambie mzee tumefanya hivyo hivyo, bomba la kutolea limeelekezwa juu kwenye dohani lina nozo nyembamba, kila pigo linavuta hewa kupita kwenye moto. Ukiongeza mwendo moto wenyewe unajiongeza.

Ila tunataka kujaribu kitu kingine, kupitisha mvuke kwenye bomba la shaba lililolala chini ya mtumbwi ndani ya maji ya ziwa. Maji ya juu huku yako nyuzi 25 mpaka 27, mvuke unaganda unarudi kuwa maji safi, yanarudi kwenye dumu, na ile ndoo ya kila saa inakuwa haihitajiki. Tatizo ni oili ya silinda inarudi nayo, ikiingia kwenye koili inaungua inashika ukutani. Itabidi kuwe na kichujio, tumefikiria sifongo na mkaa ndani ya ndoo mbili zinazofuatana. Na tukifanya hivyo tunapoteza mvuto wa dohani, kwa hiyo lazima dohani irefuke au tugawe mvuke, nusu juu nusu chini. Mzee ana mawazo gani hapo? Na kama kuna mtu ana bomba la shaba la friji kubwa, nusu inchi, mita sita au zaidi, lisilo na viungo, anicheki inbox, nitalifuata hata kama ni Uvinza.

Mdau wa Tabora

Anasema gaweni, ila koki ya kugawa iwe karibu na mtu wa moto, sio karibu na nahodha.